Ngozi ile ile, kisu kile kile, ankara mbili

Wanawake wawili wanaweza kulazwa wiki moja katika hospitali moja ya Houston, wakapasuliwa na daktari mmoja, na wote wakaondolewa ngozi iliyolegea chini ya kitovu. Wa kwanza ataletewa barua ya bima inayomtaka achangie sehemu tu ya gharama. Wa pili atadaiwa kila kitu, kuanzia chumba cha upasuaji hadi dawa ya usingizi. Kinachowatenganisha ni tarakimu tano zilizojazwa kwenye fomu ya madai, na kabla ya tarakimu hizo, maneno ambayo daktari wa kawaida wa kliniki aliyaandika au hakuyaandika kwenye faili la mgonjwa miezi mingi kabla ya siku ya upasuaji.

Upasuaji wenyewe huitwa panikulektomi. Daktari hukata mkunjo wa ngozi na mafuta unaoning'inia chini ya kitovu, kisha huunganisha kingo za jeraha kwa mshono mrefu unaotoka nyonga moja hadi nyingine. Si jambo la jana. Mwaka 1899 Howard Kelly, bingwa wa magonjwa ya wanawake katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, alimkata mgonjwa ngozi ya namna hiyo, na wanaoandika historia ya upasuaji huu nchini Marekani huanza na yeye.

Wanaouhitaji zaidi leo ni watu waliopungua uzito kwa kiasi kikubwa. Ngozi iliyotanuka kwa miaka mingi hairudi ilikotoka kwa sababu tu mafuta yameyeyuka. Hubaki imelegea na kushuka. Wengine walipungua kwa upasuaji wa tumbo la chakula, wengine kwa lishe na mazoezi, na tangu Wegovy iliporuhusiwa Marekani mwaka 2021 kama dawa ya kupunguza uzito, wapo pia wanaopungua kwa sindano ya kila wiki. Madaktari wa upasuaji wa plastiki hupima mkunjo huo kwa madaraja matano. La kwanza ni mkunjo uliofika kwenye kinena bila kufunika sehemu za siri. La pili umezifunika. La tatu umefika mwanzo wa mapaja, la nne katikati ya mapaja, na la tano umefika magotini au kuyapita.

Aliye nao hahitaji kusomewa madaraja. Anajua jasho linavyotuama pale ngozi mbili zinapogusana, fangasi inavyoota, ngozi inavyochubuka, kupasuka na kutoa majimaji, harufu inavyomfuata hata baada ya kuoga, na jinsi kupanda ngazi kunavyokuwa kazi. Mtu aliyehangaika miaka miwili kupunguza kilo 60 hujikuta bado hawezi kutembea vizuri. Nasisitiza hili mapema kwa sababu kuanzia hapa habari itakuwa ya fomu, namba na tarehe, na ni rahisi kusahau kwamba nyuma ya kila fomu kuna mtu mwenye kidonda kisichopona.

Kuponya au kupendezesha

Mzizi wa mgogoro uko kwenye sheria. Rais Lyndon Johnson alipotia saini sheria iliyoanzisha Medicare, bima ya serikali kwa wazee, Julai 30, 1965, sheria hiyo iliweka bayana kwamba upasuaji wa urembo haulipiwi. Ilibakiza milango michache tu: kutengeneza haraka jeraha la ajali, au kuboresha utendaji wa kiungo chenye kasoro. Kampuni binafsi za bima nazo zikaweka vipengele vinavyofanana na hicho katika mikataba yao. Kwa hiyo kila mgonjwa mwenye ngozi inayoning'inia hukutana na swali moja: je, anataka kuponywa au anataka kupendeza?

Mlipaji halipati jibu kwa kumtazama mgonjwa. Analipata kwenye namba.

Marekani hutumia namba za aina mbili kwa wakati mmoja. Kundi la kwanza linaeleza daktari alifanya nini. Ni misimbo ya CPT, inayotungwa na kumilikiwa na Chama cha Madaktari cha Marekani, na ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Kundi la pili linaeleza kwa nini alifanya. Hiyo ni misimbo ya magonjwa, ICD, inayotokana na orodha ya Shirika la Afya Duniani, ambayo chimbuko lake ni orodha ya vyanzo vya vifo iliyoandaliwa na Mfaransa Jacques Bertillon na kupitishwa mwaka 1893. Marekani iliingia toleo lake la kumi Oktoba 1, 2015, miaka mingi baada ya nchi nyingi nyingine. Dai la malipo hupita pale tu kundi la kwanza na la pili yanaposemezana. Kazi ya mtaalamu wa misimbo ni kuhakikisha yanasemezana kwa haki, yaani kwa kufuata kilichomo kwenye faili na si kile ambacho hospitali ingependa kulipwa.

Kwa tumbo, namba kuu ni 15830, yaani kuondoa ngozi na mafuta yaliyozidi chini ya kitovu. Ilianza kutumika mwaka 2007 baada ya namba ya zamani, 15831, kufutwa. Mwaka huo huo ikaja namba nyingine, 15847, kwa kazi ya ziada: kuhamisha kitovu na kukaza utando wa misuli ya tumbo ili tumbo liwe bapa. Namba hii ya pili haisimami peke yake. Huandikwa juu ya ile ya kwanza. Ikiwa daktari amefanya kazi ya kunyoosha tumbo tu, bila ule mkunjo unaostahili 15830, mwongozo unamwelekeza kwenye 17999, namba ya kazi za ngozi zisizo na namba yao.

Tazama maana yake kwa mfuko wa mgonjwa. 15830 ina nafasi ya kulipwa na bima. 15847 kwa kawaida huhesabiwa kuwa urembo. Daktari anaweza kuzifanya zote mbili mgonjwa akiwa amelala usingizi ule ule, na mgonjwa akaamka akiwa na hesabu mbili: moja imekwenda kwa bima, nyingine ni yake. Kliniki makini humweleza mapema, kwa maandishi, na kumtaka atie saini kwamba ameelewa. Asiyeelezwa hugundua ankara inapofika nyumbani.

Upande wa magonjwa una mitego yake. L98.7 ni ngozi iliyozidi na kulegea. Iliongezwa Oktoba 2016, na kabla ya hapo hali hiyo haikuwa na namba inayoitaja wazi. L30.4 ni ule wekundu na mchubuko unaotokea kwenye mikunjo ya mwili. Z98.84 inasema mgonjwa alishafanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. E65 ni mafuta yaliyorundikana sehemu moja, na dai lenye E65 pekee ni sawa na kumwambia mlipaji kwamba hakuna ugonjwa. Halafu ipo M79.3, uvimbe wa tabaka la mafuta chini ya ngozi. Huu ni ugonjwa wenye dalili zake, na baadhi ya bima huutaja kwenye masharti yao, kwa hiyo kuna kishawishi cha kuiandika kwa kila mgonjwa mwenye mkunjo. Kama daktari hakuugundua ugonjwa huo na kuuandika, mtaalamu wa misimbo hana ruhusa ya kuuweka. Akiuweka, ametunga ugonjwa.

Kutunga ugonjwa ni kosa linalotazamwa kwa jicho kali. Sheria ya Madai ya Uongo, iliyopitishwa mwaka 1863 wakati wa Rais Abraham Lincoln ili kuwabana waliokuwa wakiliuzia jeshi bidhaa mbovu, ndiyo inayotumika hadi leo dhidi ya hospitali na madaktari wanaoidanganya Medicare. Faini yake huzidisha hasara ya serikali mara tatu, na mfanyakazi aliyefichua udanganyifu anaweza kupata sehemu ya fedha zitakazorejeshwa. Upasuaji wa urembo ulioandikwa kama matibabu ya ngiri, au kunyoosha tumbo kulikovalishwa 15830, unaweza kumgharimu daktari leseni yake.

Faili ndilo linaloshinda

Nimekaa na suala hili kwa muda, na kila nilipochimba nilirudi kwenye jambo moja: ankara ya upasuaji huu haiandikwi na ofisi ya malipo. Ofisi ya malipo hunakili. Mwandishi wake wa kweli ni daktari wa kliniki ya kawaida, yule anayeonwa kwa dakika chache kuhusu presha au sukari, na ambaye mgonjwa humwonea aibu kufunua tumbo.

Masharti hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine, na hata kampuni zinazoshughulikia madai ya Medicare katika majimbo tofauti hazikuandika miongozo inayofanana neno kwa neno. Lakini yanazunguka mambo yale yale. Mkunjo uwe umeshuka hadi kwenye mfupa wa kinena au chini yake, na picha ya mbele na ya ubavuni zionyeshe hivyo mgonjwa akiwa amesimama. Picha nyingine ionyeshe mkunjo ukiwa umeinuliwa ili ngozi iliyoathirika ionekane. Kuwe na kumbukumbu za kliniki kwamba upele au vidonda vimetibiwa kwa dawa za kupaka au za kumeza, mara nyingi kwa miezi mitatu, na bado vinarudi. Uzito uwe umetulia, mara nyingi kwa miezi sita. Aliyepunguzwa tumbo la chakula asubiri, wengi wakitaka miezi 18 tangu upasuaji huo. Na iandikwe ni kazi gani za kila siku anashindwa kuzifanya.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ya wafanyabiashara wa Pwani inafaa hapa kuliko popote ninapopajua, kwa sababu mali inayopotea ni afya.

Fikiria mwanamke anayefanya usafi usiku katika majengo ya ofisi, bila siku ya ugonjwa inayolipwa. Vidonda vyake anavitibu mwenyewe: poda, wanga wa mahindi, kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa kuzuia jasho, mafuta ya fangasi aliyonunua duka la dawa bila cheti. Amefanya hivyo miaka mitatu. Mbele ya mkaguzi wa bima, mwanamke huyu hana historia ya ugonjwa wowote. Mwenzake mwenye kazi ya mezani na bima nzuri amekwenda kwa daktari wa ngozi mara nne katika miezi mitatu, na kila ziara imeacha karatasi. Wa pili atapata kibali. Wa kwanza ataambiwa ni urembo. Sheria haikuandikwa kumwonea maskini, lakini ushahidi inaoudai ni ule ambao maskini hana nafasi wala fedha ya kuukusanya, na matokeo yake ni uonevu hata kama hakuna aliyeukusudia.

Kuna jambo jingine linaloniudhi. Tangu mwaka 2006 Medicare imekuwa ikilipia aina kadhaa za upasuaji wa kupunguza uzito kwa wenye unene uliokithiri na maradhi yanayoambatana nao. Yaani mlipaji yule yule anayegharimia sababu anasita kugharimia tokeo. Ngozi iliyobaki haikuanguka kutoka mbinguni; ni sehemu ya tiba ambayo haijakamilika. Na Bunge la Marekani limewahi kuonyesha kwamba linaweza kuliona hilo. Mwaka 1998 lilipitisha sheria ya afya ya wanawake na haki za wagonjwa wa saratani, inayolazimisha bima zinazolipia ukataji wa titi zilipie pia kulijenga upya, pamoja na kurekebisha titi la pili ili yalingane. Hakuna aliyesema huo ni urembo. Mtu aliyepona unene hana sheria kama hiyo, wala mama ambaye misuli ya tumbo lake iliachana kwa sababu ya kuzaa. Huyu wa pili mara nyingi hukataliwa moja kwa moja.

Kibali kwanza, kisu baadaye

Julai 1, 2020 milango ilikazwa zaidi. Serikali iliamuru kwamba aina tano za huduma zikifanyika katika hospitali kwa wagonjwa wasiolazwa, Medicare haitalipa bila kibali cha awali: upasuaji wa kope, sindano za botoksi, upasuaji wa pua, kuziba mishipa ya vena, na huu wa ngozi ya tumbo. Sababu iliyotolewa ni kwamba idadi ya huduma hizo ilikuwa ikipanda kwa kasi isiyoelezeka, na zote zinaweza kuwa tiba au urembo. Hospitali hutuma faili, hupewa namba ya ufuatiliaji, na namba hiyo lazima ionekane kwenye dai. Ikikosekana, haikataliwi hospitali peke yake: madai ya daktari mpasuaji na ya mtaalamu wa usingizi yanayohusiana na kazi hiyo nayo yanaweza kuanguka.

Hapo ndipo wagonjwa wengi hushangaa, kwa kuwa walidhani ankara ni moja. Upasuaji mmoja huzaa madai kadhaa. Daktari anadai kwa fomu yake, hospitali kwa fomu nyingine, mtaalamu wa usingizi kwa yake, na maabara ikipewa kipande cha ngozi kukichunguza, nayo inadai. Malipo ya mpasuaji hujumlisha siku 90 baada ya upasuaji, kwa hiyo kuondoa nyuzi na kukaguliwa kidonda katika muda huo hakupaswi kuzaa ada mpya ya daktari huyo. Nashauri kila mwenye ndugu Marekani aliyepasuliwa amwambie akumbuke hilo: miezi mitatu. Akiletewa ankara ya ziara ya kawaida ya kufuatilia kidonda chake ndani ya siku hizo, kutoka kwa mpasuaji yule yule, ana haki ya kuuliza imetoka wapi.

Ngiri huleta mkorogano wa aina yake, maana wengi wenye mkunjo mkubwa wanayo pia. Kutengeneza ngiri ni tiba na hulipiwa, na mwaka 2023 misimbo yake ilipangwa upya, sasa ikihesabu urefu wa tundu lote na kama ngiri ni mpya au imerudi. Lakini ngiri kulipiwa hakufanyi ngozi ilipiwe. Kila kazi hutetewa kwa ushahidi wake.

Barua ya kukataliwa ikija, watu wengi huiweka kwenye droo. Ni kosa kubwa. Mnufaika wa Medicare ana ngazi tano za rufaa. Ya kwanza huombwa ndani ya siku 120 kwa kampuni iliyokataa. Ya pili, ndani ya siku 180, huenda kwa wakaguzi huru. Ya tatu ni kwa hakimu wa masuala ya utawala, ndani ya siku 60, kisha baraza la rufaa, na mwisho mahakama ya shirikisho. Kwa bima binafsi, sheria ya mwaka 2010 iliyopitishwa chini ya Rais Barack Obama inampa mwanachama haki ya kukata rufaa ndani ya kampuni kwa muda wa siku 180, na akishindwa huko, aombe uamuzi wa mkaguzi wa nje ndani ya miezi minne. Uamuzi wa huyo wa nje huifunga kampuni.

Rufaa inayofaa haiombi huruma. Inataja kipengele cha mwongozo kilichotumika kukataa, inaweka pembeni yake ukurasa wa faili unaokijibu, inaongeza picha, orodha ya dawa zilizotumika na tarehe zake, na barua ya daktari inayoeleza kwa nini hakuna njia nyingine iliyobaki. Kama faili halina kitu, rufaa haiwezi kukiumba. Mgonjwa hulazimika kurudi kliniki, kuanza matibabu yanayoandikwa, na kuomba upya baada ya miezi.

Kwetu suala hili linakuja, na haliko mbali. Mloganzila, tawi la Hospitali ya Taifa Muhimbili, wamekuwa wakiwawekea watu puto tumboni ili wapungue uzito. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya ilihama kutoka mfuko wake wa zamani wa bima, NHIF, kwenda Mamlaka ya Afya ya Jamii Oktoba 1, 2024. Mifuko ya namna hii lazima iandike kitita cha huduma, na kila kitita huchora mstari kati ya tiba na urembo. Wanaoketi kuuchora wakumbuke kwamba mwenye vidonda chini ya mkunjo ni mgonjwa, na waukubali ushahidi ambao mganga wa zahanati anaweza kuutoa kwa kalamu na daftari, bila kumtuma mgonjwa kwa bingwa aliye mkoa mwingine.

Kwa msomaji mwenye dada, kaka au mzazi huko Marekani anayeteseka na hali hii, ujumbe wa leo ni mfupi. Mwambie asione aibu kwa daktari wake. Afunue tumbo, aonyeshe vidonda, aombe viandikwe na vipigwe picha katika kila ziara, atunze risiti za dawa, adai nakala ya faili lake kwani ni haki yake kisheria, na asisaini karatasi yoyote ya upasuaji kabla ya kuonyeshwa namba zitakazoandikwa na kuambiwa ipi italipwa na nani. Akikataliwa, akate rufaa kabla siku hazijaisha.